Mahali pa Kuweka Sauti ya Mama Kanana

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefungua studio saa mbili. Kufagia, kuwasha kompyuta, kumaliza chai yote kabla haijaamka. Ndivyo kila siku. Leo imewaka kwa jaribio la tatu. Diski inagonga ndani, tik, tik.

Mashine mpya iko mezani, nusu. Nimeiunda mwenyewe, kipande kimoja kimoja, miezi minne sasa. Kimebaki cha kuhifadhia kazi. Nataka SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Ipi, sijui.

Haraka yangu ni kwaya ya akina mama wa Mitunguu. Nyimbo kumi na mbili, nilizirekodi kanisani kwao mwezi jana, zote ziko kwa hii diski inayogonga. Sina nakala. Aibu kwa mtu anayejiita fundi wa sauti. Mama Kanana, anayewaongoza, ana uvimbe kooni. Jumatatu ijayo anapasuliwa huko Embu. Daktari amemwambia sauti inaweza kubadilika, na anaweza kushindwa kabisa kuimba.

Hizo nyimbo hazirudiwi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda Majengo kwa Bakari, anayeuza vipuri vya kompyuta. Ameniwekea mbili juu ya kaunta. Moja saizi ya kitambulisho, nene kidogo, ya kuunganishwa kwa waya. Nyingine nyembamba kama kipande cha chingamu, inachomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Hii ndiyo yenye mbio. Terabaiti moja, waranti miaka mitano.

"Dada, wewe unaweka kazi za watu," akasema. "Usiangalie ukubwa. Angalia kama mwaka kesho itakuwa hai."

Nikasema nitafikiria. Kumbe nilikuwa nimeshafikiria. Kuna mtu wa Embu, tunaongea kwa simu, anauza SSD ya terabaiti nne, kwa bei ya chini kuliko hii ya Bakari. Terabaiti nne! Ningeweka kila kitu nilichorekodi tangu nianze.

Ni tamaa. Najua.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimechukua ya Embu. Imefika asubuhi kwa kifurushi. Nimeichomeka, nikakaza skrubu yake ndogo, nikaweka mfumo endeshi. Mashine inaamka kabla sijakaa vizuri kwa kiti. Nimecheka peke yangu.

Diski ya zamani ilikubali kuwaka. Nikahamisha nyimbo zote. Nikasikiliza wa kwanza na wa pili. Safi kabisa. Nimemtumia Mama Kanana ujumbe: ziko salama.

Ijumaa, 12 Septemba

Haziko salama.

Nne za kwanza zinalia. Kuanzia wa tano ni mikwaruzo, halafu kimya. Majina ya faili yapo, ukubwa upo, sauti hakuna. Nikakimbilia diski ya zamani. Inagonga tu, kompyuta haiioni. Nimejaribu mara tano. Muuzaji wa Embu hashiki simu.

Nimeipeleka SSD ya Embu kwa Bakari, ameipima mbele yangu. Kuna programu inayoiandikia, kisha inasoma ilichoandika. Ndani ni gigabaiti sitini na nne. Imefundishwa kudanganya kuwa ni terabaiti nne. Ikijaa inaendelea kupokea, lakini inatupa. Bakari hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nikampigia Mama Kanana. Sikuweza kuficha. Nyuma yake nilisikia kuku.

"Nkatha mwanangu, kama zimepotea niambie. Kesho nije niimbe peke yangu kabla hawajanikata."

Nimemwomba anipe mpaka kesho saa sita. Nimejifungia chooni nikalia. Mimi ni mjinga. Mjinga mwenye masikio mazuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Bakari hakufungua duka asubuhi. Amekuja kwangu na ile SSD yake ya terabaiti moja. Tumeichomeka, tukaweka mfumo upya. Kisha akainama karibu na mashine ya zamani, akasikiliza diski ikigonga.

"Pengine si diski," akasema. "Sanduku la umeme la hii mashine limechoka. Haliipi diski nguvu ya kuzunguka."

Akaitoa, akaiunganisha na umeme wa mashine mpya. Nimeangalia ukutani. Sikutaka kuona.

Imezunguka. Haikugonga.

Tumekubaliana: nyimbo kwanza, kingine chochote baadaye, hakuna kuzima. Mmoja unahamishwa, nausikiliza mpaka mwisho, ndipo tunakwenda kwa mwingine. Wa saba ulikwama. Dakika mbili, tatu. Bakari alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini, nadhani dua. Ukaendelea. Saa tano na dakika arobaini, wa kumi na mbili ukafika.

"Zipo," nikamwambia Mama Kanana kwa simu. "Zote. Nimezisikiliza mwenyewe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi wacha nikakatwe."

Nimetengeneza nakala ya pili. Itakaa dukani kwa Bakari. Mwili wangu wote umelegea kama nimetoka kupalilia. Nimekula chapati nne.

Jumatatu, 15 Septemba

Binti yake Mama Kanana amepiga simu kutoka Embu saa tisa. Mama ametoka chumba cha upasuaji. Ameamka. Hajaongea.

Nimeshindwa kufanya kazi. Nimefagia mara mbili.

Jumatano, 24 Septemba

Mama Kanana amekuja studio na binti yake. Ana bandeji shingoni na leso juu yake. Anaongea kwa pumzi, kama mtu aliye kanisani wakati wa maombi. Daktari amesema asubiri, sauti itarudi polepole, ila pengine haitafika juu kama zamani. Mama amelisema hilo bila kujihurumia.

Nimemvalisha vipokea sauti vya masikioni. Alisikiliza sita mfululizo bila kujitikisa. Kwa wa saba akainua kidole, nikasimamisha.

"Hapo," akanong'ona. "Sauti ya tatu iko chini. Unanipendelea."

Kweli. Nimewainua wenzake, nikamshusha yeye kidogo.

Akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea na wa nane.