Sentensi Niliyokuambia Ufute

Maduhu, mpenzi wangu wa zamani,

Nakuandikia nikiwa hapa hapa Somanda, uliponiacha. Wewe nasikia uko Mwanhuzi, una mke na watoto, na kuandika hadithi umeacha. Hilo la kuacha kuandika limeniuma kuliko nilivyotegemea.

Unazikumbuka hadithi zako? Ulikuwa unanitumia sura moja moja kwa WhatsApp kutoka kwenu Lagangabilili, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unachuma pamba. Yaani wewe! Kila sura ilianza na jua linachomoza na ndege wanaimba. Humo hakuna mtu aliyesema tu. Wote walinguruma, waliguna, walitamka kwa huzuni kuu. Kila msichana alikuwa na sauti nyororo, laini, tamu. Shujaa wako Brayan alikuwa tajiri wa Dar mwenye maghorofa mawili, na wewe hata Shinyanga hujaivuka. Nikakuuliza, "Maduhu, huyu Brayan anakula nini? Mbona hata ugali hatujamwona nao?" Ukacheka. "Acha bhana. Nani atasoma habari za ugali na michembe ya viazi?"

Mimi mtoto wa Tanga, baba kaletwa huku kwa uhamisho wa kazi, nikajiona ndiye mwenye Kiswahili. Nilikusahihisha bila huruma. R ilikuwa inakushinda kama wenzako wengi wa huko: "balua", "habali", "safali". Hukununa hata siku moja. Ulisema, "Wewe nisahihishe tu, mimi nimekulia kwenye ng'ombe." Nilikupenda ulivyokuwa unasema hivyo. Sikukwambia, nilikuwa nangoja uanze wewe. Na wewe ana kwa ana ulikuwa bubu kabisa, ukija kwetu unaangalia viatu vyako tu.

Kisha ikaja ile sura. Madoido tele kama kawaida, halafu katikati sentensi moja kavu: "Kijana hana mahali kwa sasa, anaomba msichana asubiri mpaka pamba iuzwe."

Nikaona umejichanganya. Neno "mahali" lilikuwa limeandikwa sawasawa, sikuwa na herufi ya kusahihisha. Nikakujibu, "Brayan ana maghorofa, atakosaje mahali? Na pamba imetoka wapi? Ifute hiyo sentensi. Msichana asisubiri, aendelee na maisha yake."

Ukajibu, "Sawa. Wabeja." Asante ya Kisukuma, basi. Sura nyingine haikuja tena, na simu zangu ukawa hupokei. Nikakasirika, nikasema huyu hataki kukosolewa.

Juzi nimekutana na dada yako Minza sokoni, nikakuulizia. Akanishangaa. "Si ulimkataa mwenyewe? Kaka alikwambia hana mahali, ng'ombe wa kuleta kwenu hawajatosha, ukamjibu hutasubiri." Alivyolitamka neno lile karibu na ng'ombe ndipo nikalisikia. Mahari. Maduhu, ulikuwa unasema huna mahari.

Nimelia, sikufichi. Nakulaumu wewe, kwamba jambo la maisha yetu ulimpa Brayan alisemee, ukalifukia ndani ya madoido. Halafu najilaumu mimi zaidi. Katika hadithi zako zote, hiyo ndiyo sentensi pekee uliyoandika kama unavyoongea, na hiyo ndiyo niliyokuambia ufute.

Siku hizi vijana wa hapa mjini huniletea hadithi zao nizisahihishe, zimejaa akina Brayan wale wale. Nikikuta sentensi isiyofanana na nyingine, nauliza kwanza, "Hapa ulitaka kusema nini?" Wananijibu, tunaendelea. Wewe sikukuuliza.

Sitaki kukuharibia nyumba yako. Mkeo msalimie, watoto Mungu akukuzie. Ila uliniuliza kitu, nikajibu kingine, na sitaki kuzeeka na jibu lile.

Ningekusubiri.

Mimi, msichana wa ile sura