Miguu ya Nyuma ya Farasi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukicheka, cheka taratibu, maana mke wangu ameshacheka vya kutosha. Mimi ni mwigizaji wa kabuki, tamthilia zetu za jadi za Kijapani, hapa Kyoto, ila usijisumbue kukumbuka sura yangu, hakuna aliyewahi kuiona jukwaani, kwa kuwa mimi ni miguu ya nyuma ya farasi, nimeinama ndani ya vazi hilo tangu ujana, na miguu ya mbele ni rafiki yangu Kisaburo, ambaye makalio yake nayajua kuliko uso wa mama yangu, na juu yetu hukaa shujaa mwenye upanga na kitambi, na watazamaji wakimshangilia shujaa kwa kumwita jina la ukoo wake, Kisaburo huninong'oneza, "Umesikia, mzee mwenzangu? Wametuita," nami humjibu, "Tembea, bwana, na kesho usile vitunguu." Sasa mkuu wa kundi amempa Kisaburo nafasi ya kuwa mtu, mlinzi wa lango, mwenye sentensi nzima ya kusema, jambo alilolililia maisha yake yote, naye anataka kukataa, eti farasi ni watu wawili, na mimi badala ya kumkemea nilifurahi mpaka nikamnunulia samaki mkunga wa kuchoma, ilhali najua magoti yangu yamekwisha na masika haya nastaafu, sijathubutu tu kumwambia. Nikimwambia sasa atasema namdanganya ili akubali, nikinyamaza atabaki mnyama kwa ajili yangu, na jibu linatakiwa Jumatatu. Ukweli ni kwamba naogopa, mshauri, bila yule wa mbele sijui nielekee wapi.

Miguu ya Nyuma

Ndugu Miguu ya Nyuma,

Pole kwa magoti. Kwa hayo mengine sina pole.

Unadhani umemficha? Mnabeba shujaa mmoja, goti lako likilegea, uzito unamwangukia nani? Kisaburo alijua kabla ya mkeo. Anakataa kwa sababu anajua hakuna miguu mingine ya mbele itakayokwenda polepole kwa ajili yako. Nawe ukamshukuru kwa samaki. Mtu mzima ovyo.

Mwambie kesho, na usimwambie mkiwa ndani ya farasi, ambako hulazimiki kumtazama machoni. Kunja suruali, muoneshe magoti, kisha mwende nyote wawili kwa mkuu wa kundi. Kisaburo akibisha, mwambie anilaumu mimi.

Siku ya kwanza ya mchezo, kata tiketi ya juu kabisa, nyuma, wanakokaa wenye kuita majina. Najua desturi, mlinzi wa lango haitwi. Waache wageuke wakushangae. Mngoje amalize sentensi yake, halafu mwite kwa jina la ukoo wake, kwa sauti yote uliyoibana ndani ya vazi lile. Mgongo wake umeutazama vya kutosha. Nenda ukamwone uso.