Kompyuta ya Rogath Iliyoibia Majibu

Shoga, Rogath wetu kaumbuka leo hapa kliniki, mbele za watu!

Si unaijua ile kompyuta yake, aliyoifundisha kusoma eksirei za kifua kwa picha zetu za zamani? Leo kaiongezea mambo: inapaka rangi nyekundu pale ilipouona ugonjwa, eti ijieleze, Dokta Sitara aache kuitilia shaka.

Picha ikafunguka. "Ana TB." Nyekundu yote iko kwenye kona, juu ya alama ya kalamu. Mapafu haijayagusa!

Dokta akashangaa, "Hiyo si kalamu yangu? Picha zote za wenye TB huwa naziwekea alama."

Kumbe muda wote inaibia majibu ya dokta! Wakaifuta alama, kompyuta ikasema mgonjwa mzima.

Rogath, jasho linamtoka: "Lakini dokta, si imejieleza vizuri?"