Ngazi za Mlima wa China

Jumatatu, 3 Machi

Uliyeliokota daftari hili, nakuomba kwa heshima yote: neno lisitoke. Hasa lisifike ofisini.

Chai. Ripoti ya kabichi za wakulima wetu. Barua pepe. Wenyeji wetu wa China wamejibu kuhusu ziara yetu: siku mbili za kutazama vyumba vya baridi vya kuhifadhia mboga, kisha asubuhi moja ya mapumziko. Nje ya mji wao kuna mlima. Watu huupanda gizani ili waone jua likichomoza. Mwenyekiti wa ushirika wetu, Mzee Shekiondo, amefurahi mno. "Binti, wewe ndiye utakayepanga. Milima unaijua, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee." Mkubwa habishiwi.

Naogopa kusimama juu nikaona chini. Hakuna anayejua.

Jumanne, 4 Machi

Nimetazama picha. Ngazi za mawe kwenye jabali, pembeni mnyororo tu. Nikafunga kompyuta. Lipo gari la kwenye waya, ila mzee ameniagiza nijibu kuwa hatulihitaji. Washambaa tunapanda kwa miguu. Nimejibu hivyo. Mjinga mimi.

Mzee anajua baba ni wa Gare, huku milimani. Hajui kuwa nimekulia Mnazi, tambarare tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Nikisema ukweli, nafasi yangu atapewa Hassani wa idara ya masoko. Ndege siiogopi; ina kuta. Nataka kwenda. Nataka sana.

Mama Eliza wa mapokezi kanikuta nimeinamia meza. Nikasingizia tumbo. Kacheka. "Tumbo la China hilo! Hata kabichi za Gare zinakaa mteremkoni na hazilii."

Nadhani ameshajua.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekutana ofisini alfajiri, Mzee katupeleka kwenye jabali la Irente, mimi na Hassani. Mazoezi. Wao moja kwa moja hadi ukingoni mwa mwamba, wakatazama Mazinde kule chini. Mimi nikakaa kwenye nyasi, nikarudi nyuma kwa makalio kama mtoto. Aibu.

"Dada, njoo uone nyumba zilivyo kama viberiti!" Hassani akaita. Nikalia.

Mzee akaja, akaketi kando yangu. Hakucheka. Nikasema, "Shikamoo, mzee. Naogopa." Nilikuwa nimeshamwamkia ofisini. Woga tu.

"Marahaba tena. Mbona ulisema ndiyo?"

"Ungeona nakubishia."

"Basi kosa ni letu sote. Nilikuuliza huku nimeshajijibu."

Jua likachomoza nyuma, upande wa mji. Hassani alikuwa bado amelipa kisogo. Mimi nililiona lote, nimekaa chini.

Jumatatu, 10 Machi

Hassani anabaki. Mzee amesema safari ni yangu.

Nimewaandikia tena wenyeji, nikauliza mwenyewe. Katikati ya mlima kuna ua wa hekalu la kale, una kuta nene pande zote, na jua hutokea juu ya ule wa mashariki. Ngazi za hadi hapo zinapita msituni. Mimi nitaishia uani. Mzee ataendelea na mwenyeji wetu. Mpango umepita.

Bado naogopa. Kidogo kuliko juzi.

Ijumaa, 14 Machi

Begi limefungwa. Sweta la mama liko juu. Nje manyunyu.

Wewe uliyeliokota daftari, ukinihitaji asubuhi ile ya mlimani, usinitafute kileleni. Fuata ngazi za msituni hadi uani. Nitakuwa nimekaa chini, mgongo ukutani, uso mashariki. Niite kwa jina ukiwa bado mbali. Usinishike bega kwa ghafla. Nikiitika, njoo ukae.