Sauti ya Mama Katika Diski ya Pili

Kaplong,
Jumapili, Novemba 1998

Kaka yangu mpendwa Kipkirui,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini zitakukuta mzima na kwamba pilipili ya Wahindi huko chuoni Pune bado haijakumaliza. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila mimi mwili ndio mzima, moyo bado haujarudi mahali pake. Mke wako Chepkurui amepata nguvu tangu ajifungue na ameanza tena kukamua. Binti yako ananyonya kama ndama, na paji la uso amechukua lako, maskini. Chai imechipua vizuri baada ya mvua. Baba bado anabeba kikapu mwenyewe hadi kituo cha kuuzia majani ingawa magoti yanamsumbua, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umewahi kumkuta amelala njiani.

Sasa kaka, kama unasoma barua hii umesimama, tafuta kiti kwanza.

Unakumbuka ulivyoniachia kompyuta yako nichapishe kadi za harusi na ratiba za mazishi, ukaniusia kitu kimoja tu, kwamba nizitunze zile sauti za Mama ulizorekodi sebuleni kabla hujasafiri, wakati ugonjwa ulikuwa umeshamkalia. Nilizitunza. Lakini sauti ni nzito kuliko maandishi, nawe hukuniambia. Diski ya C ilijaa hadi mashine ikakataa kuhifadhi kadi ya harusi ya watu. Nikamwita Nganga, yule fundi mwenye duka la kompyuta Kericho, akaja akaiongezea diski ya pili, hiyo D, akasema sasa nina ghala. Mimi mwenyewe nikashika kipanya, nikazivuta sauti zote za Mama kutoka C, moja baada ya nyingine, nikaziweka D. Nilijiona mtaalamu. Nikajiambia Mama amepata nyumba yake, hatasongwa tena na kadi za watu.

Ajabu ni kwamba mashine iliendelea kulalamika kuwa C imejaa. Niliilaumu michezo yako ya magari, nikaifuta yote. Usinune, wewe ni baba wa mtu sasa.

Baba naye alipenda sana hiyo D. Nilimfundisha kuifungua, na akitoka kupeleka majani alikuwa akivua gambuti mlangoni na kukaa kumsikiliza Mama akieleza jinsi ya kusafisha kibuyu cha maziwa kwa mkaa, mpaka pale mwisho ambapo yeye mwenyewe Baba anaingia sebuleni na matope, na Mama anasahau adabu zote za wanawake wa rika lake na kumwita, "Isaiah!" Unajua vizuri kwamba maisha yake yote alimwita "Baba Kipkirui". Ni hapo tu jina lilimponyoka, na sote tulicheka. Baba alikuwa akifika hapo anarudia. Kwa kuwa alikuwa ameanza pia kuchapa barua za kamati ya kituo cha majani, nikamfundisha kufuta asichokitaka na kumwaga pipa la takataka la mashine. Nilijivuna kwa wanawake wa kanisa kwamba baba yangu anatumia kompyuta.

Kisha mtoto akaja. Wanawake walikusanyika kumpa jina, wakampaka ugoro kidogo puani, wakaanza kuwaita marehemu wetu mmoja mmoja, wasubiri apige chafya kwa jina la atakayemkubali. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mama. Walimwita kwa jina lake, Tabutany, wakarudia, mtoto akawatazama tu. Wakawaita nyanya wa pande zote mbili. Hakuna chafya. Mwishowe mtoto akalala, na wanawake wakabaki wanatazamana. Hapo Senge Tecla, dada yake Baba, akasema bila hata kushusha sauti, "Mtamwitaje Tabutany, na bado anaongea ndani ya ile sanduku? Mtu hawezi kuwa huku na kule."

Mimi nilicheka. Baba, aliyekuwa nje na wanaume, hakucheka.

Walirudi Jumamosi iliyofuata. Walipotamka tu Tabutany, mtoto akapiga chafya hadi kofia ikamtoka. Vigelegele vilifika barabarani. Mimi nilimwona Senge akichota ugoro mara mbili ya ule wa kwanza, lakini nani angesema? Nililia kwa furaha. Wageni walipoondoka nikakimbilia kompyuta ili binti yako amsikie yule aliyempa jina. Nikafungua D.

Kipkirui, hakukuwa na kitu. Nilifunga nikafungua tena. Nikatazama kwenye pipa la takataka, likawa safi kama sahani ya wageni. Nikakaa sakafuni nikiwa nimevaa nguo yangu ya sherehe.

Jumatatu nikapanda hadi Kericho na kumwaibisha Nganga mbele ya wateja wake kwamba alituuzia diski mbovu. Alinivumilia. Diski yenyewe nilikuwa nimeichomoa, kama nilivyomwona akiichomeka, nikaibeba ndani ya kikapu. Akaiunganisha na mashine yake, akaikagua, akaniambia polepole kwamba diski haina ugonjwa wowote, vitu vimetolewa na mkono wa mtu. Nyumbani mikono inayoijua mashine hiyo ni miwili tu, wangu na ule niliofundisha mwenyewe.

Nilimkuta Baba zizini. Sikuwa nimemaliza kuuliza. Alisema, "Ni mimi nilimfungulia mama yenu aende. Mtoto hawezi kukosa jina kwa sababu mzee anapenda kusikiza." Kisha akaendelea kumpa ng'ombe chumvi.

Mzee wa kanisa, kaka. Baba yetu aliyetufundisha kusoma. Mshtuko ule sijui niueleze vipi. Kwa muda nilimwandalia chai bila kumsemesha, naye alikunywa bila kulalamika hata siku nilipoisahau sukari. Chepkurui alilia akiniambia hakumtuma. Najua hakumtuma.

Sasa sikia lililobaki, ambalo hakuna anayelijua hapa. Mashine ilipokataa tena kwa kuwa C imejaa, nilikwenda kwenye kibanda cha simu, nikampigia Nganga, nikamwomba radhi kwa kelele zangu, kisha nikamuuliza C inajazwa na nini ilhali vitu vizito vyote nilivivuta vikaenda D. Akacheka. Akasema, "Madam, ukivuta kitu kutoka diski moja mpaka ingine, haihami. Inatoa kopi tu. Ile ya kwanza iko tu pale pale."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilifungua C, na Mama alikuwa humo, mzima, kuanzia kibuyu hadi Isaiah. Alikuwa humo siku Baba anafuta D. Alikuwa humo mtoto alipopiga chafya. Nilizima haraka kama mwizi.

Fikiri nami. Kama sauti ndiyo ilimfunga Mama, basi binti yako amepewa jina ambalo Mama mwenyewe hajalileta. Kama haikumfunga, basi Baba alijinyang'anya mke mara ya pili bure. Ningemwambia lipi kati ya hayo mawili? Nilikuwa bado nayapima wakati Baba aliponijia mwenyewe. Nilikuwa nachapa kadi ya harusi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akauliza kama kitu kilichotolewa kule D kinaweza kurudi. Akasema, "Aliniita jina mara moja tu, Edinah. Sasa nimeanza kusahau vile alisema."

Mama alikuwa nyuma ya kadi ile ile niliyokuwa nachapa. Ningebonyeza tu. Nikamwambia, "Hairudi, Baba." Akanishukuru, akavaa kofia, akarudi kwenye chai.

Ndiyo maana barua hii inakuja na Nyakundi, mwanafunzi mwenzako anayerudi huko, na ndiyo maana amebeba kifurushi kilichofungwa kwa shali ya mtoto. Hiyo ni diski ya D. Nimemrudisha Mama humo, nikahakikisha kwa macho yangu, kisha nikamfuta kule C. Nilitaka neno nililomwambia Baba liwe kweli walau ndani ya nyumba hii. Sauti hiyo iko moja tu sasa duniani, ibebe kama yai. Mtoto ni wako, kwa hiyo uamuzi ni wako. Ukiona jina la mtoto limekaa imara, mlete Mama mwenyewe ukirudi, umwambie Baba kila kitu. Ukiona sivyo, basi msikilize peke yako na unyamaze, nami nitanyamaza nawe.

Ila usikawie kuamua. Jana nilikwenda shambani kumpelekea Baba uji. Alikuwa katikati ya michai, kanipa mgongo, mikono ikichuma, na alikuwa akijiita. Isaiah, anasema, kwa sauti nyembamba ya mwanamke. Anasita kidogo, anatikisa kichwa, anajaribu tena. Nilisimama hadi uji ukapoa, na hakulipata hata mara moja.

Chepkurui anakusalimu na anasema ujikinge na malaria. Senge Tecla anakusalimu na anataka kujua huko ugoro wanauza wapi. Baba anasema usome kwa bidii, na kwamba nyumbani hakuna neno. Binti yako Tabutany yeye amekupigia chafya. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Edinah