Kurudi Atarudi

Alhamisi, 4 Machi 1937

Somo kwa Madamu leo, barzani kwake. Kiingereza. Niko peke yangu, maana hapa Wamaza kila anayetaka kazi anajifunza Kifaransa cha Leta, serikali ya Wabelgiji. Lakini mission yetu ni ya Waingereza, na Waingereza wanahitaji mukalimani. Ndiye mimi. Bwana Pritchard anahubiri, ninasimama kando yake, ninatoa Kiswahili. Akigonga meza, ninagonga. Akisema "mimi", ninasema "mimi". Mwaka wa kwanza nilikuwa nasema "Bwana anasema kwamba yeye..." Akanikataza. Mukalimani hana "yeye". Mudomo ni wako, alisema, maneno ni yangu.

Leo Madamu, muke wake, alinifundisha namna ya kukaza neno. Sisi tukitaka kukaza tunarudia: kuja nilikuja, kula nilikula. Waingereza hawana hiyo. Wanashika kale ka-verbe, kitenzi kadogo kanakotangulia — will, have, is — wanakagonga kwa sauti. Na kama hakuna kadogo, wanamuita do. Do hana maana yake mwenyewe, anaitwa kuja kupigwa tu. Nilicheka sana. Nikamuambia Madamu: huyo ni kapita, musimamizi wa pamba, mavuno yakipungua anachapwa yeye. Hakuelewa. Alicheka kwa adabu.

Sheria yake: usikagonge bure. Mutu akubishie kwanza. Bila ubishi, wasikilizaji watadhani una wasiwasi na maneno yako mwenyewe.

Jioni nilimuonyesha Amisa, muke wangu. Akanitania: Baba Feza, kanisani hata sasa sijui nimuogope nani, wewe ao Bwana. Yeye ni binti wa Kiislamu wa Nyangwe, alikuja kanisani juu ya kuolewa na mimi, na bado anakaa benchi la mwisho karibu na mulango.

Feza, binti yetu, alisinzia na tonge la bukari mukononi. Tena. Mutoto wa miaka saba, jua halijazama bado! Amisa anasema ni kukua. Sawa.

Jumatano, 10 Machi

Nimeanza mara mbili, nikafuta. Niandike hivyo hivyo.

Walikuja asubuhi, munganga wa Leta na watu wake wa sindano. Kijiji chote katika mustari. Wanashika shingo, huku na huku chini ya masikio. Ukiwa na kivimbe wanakuchoma, wanatazama maji yake katika darubini. Feza alicheka, vidole vya munganga vilimutekenya. Halafu wakamuandika alama kifuani kwa chaki. Malale. Ugonjwa wa usingizi. Na sisi tulisema ni kukua.

Wagonjwa wote wanapelekwa kambi ya ng'ambo ya mto Lualaba, mbele ya Nyangwe. Mutoto peke yake. Mama hapana.

Amisa alimushika mukono, askari akashika ule mwingine. Bwana Pritchard alikuja mbio toka kwenye tanuru la matofali ya kanisa jipya, udongo mwekundu mpaka viwiko. Alijaribu kusema na munganga, Kifaransa chake kikamushinda. Akapiga magoti mbele ya Amisa — hilo nimpe haki yake. Amisa akasema: "Wa kule hawarudi." Nikatafsiri. Sasa Bwana alikuwa amebishiwa. Akasema: I will bring her back. Na ile will aliigonga, kabisa kama muke wake alivyofundisha.

Nikasema: "Mimi nitamurudisha. Kurudi atarudi."

Nilikaza kuliko yeye. Nilitaka iwe kweli. Pia askari alikuwa amechoka kungoja, nilikuwa naona mukono wake unaanza kumuvuta mutoto.

Amisa hakumutazama Bwana hata kidogo. Aliniangalia mimi. Akauliza: "Kweli?"

Swali hilo sikulitafsiri. Nilijibu: "Kweli." Hakuna aliyenipa neno hilo. Lilikuwa langu.

Basi akaachia. Alimufunga Feza kikombe chake cha bati kiunoni kwa kamba, kile cha buluu, asinywe katika vikombe vya watu. Feza hakulia. Alikuwa na usingizi.

Alhamisi, 11 Machi

Sikwenda kwenye somo. Amisa hakupika. 

Jumapili, 28 Machi. Pasaka

Kanisa lilijaa mpaka nje. Bwana alipiga meza: He is risen! Nami nikapiga: "Kufufuka amefufuka!" Watu wakaitika. Nikamuona Amisa anasimama toka benchi lake la mwisho, anatoka. Wanawake walidhani ni tumbo.

Nyumbani nilimukuta anachambua majani ya sombe. Nikauliza ana nini. Akasema bila kuinua kichwa: "Ni sauti ile ile. Ile uliyonipa siku ya Feza. Kumbe unayo ya kila Jumapili."

Nikamuambia ahadi ile ilikuwa ya Bwana, mimi nilitafsiri tu. Akasema: "Mimi Kiingereza sijui. Bwana sikumusikia. Nilikusikia wewe."

Nikakaa chini, nikachambua sombe pamoja naye. 

Jumanne, 6 Aprili

Amisa haniiti tena Baba Feza. Ananiita Mukalimani. "Mukalimani, chakula." "Mukalimani, mvua inaingia." Anasema kwa upole, hata hasira hakuna ndani, na hilo ndilo linaniua. Kama ingekuwa hasira ningengoja ipite.

Jumatatu, 19 Aprili

Leo nilijikaza. Nilimukuta Bwana juu ya ngazi anapima ukuta kwa kamba. Nikamuuliza kwa heshima kama amepata nafasi ya kusema na munganga mukubwa wa Kasongo juu ya mutoto wangu. Hakushuka. Aliniambia kwa jina: I have asked, Musafiri, yaani nimeuliza. Akaigonga have.

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Mimi sikumubishia. Niliuliza tu. Sasa kama sheria ya Madamu ni ya kweli, nani alikuwa anamubishia pale juu ya ngazi? Hakuna mwingine aliyekuwapo. Ni yeye mwenyewe.

Si mutu mubaya. Ningependa awe mubaya, ningelala vizuri. Siku ile alisema kwa moyo, nilimuona. Halafu yakaja matofali, ikaja homa ya Madamu, wakaja wageni wa mission. Amisa amesema vizuri zaidi: asiyekuwapo na lake halipo.

Sikumuambia Amisa habari ya have. Nilimuambia Bwana anashughulika.

Jumamosi, 15 Mei

Moustapha amefika, kaka ya Amisa. Anavusha watu kwa mutumbwi pale Nyangwe. Amekuja kwa miguu mpaka hapa, na hakuja na samaki kama desturi yake. Nikajua.

Alivuka kwenda kambini na mkungu wa ndizi. Mulinzi alimuzuia kwenye ukuta wa mianzi, lakini akamuitia mutoto. Feza alikuja. Amekonda, Moustapha anasema, lakini hasinzii sana. Akamupitishia ndizi katikati ya mianzi. Feza akanyoosha mukono, ukaenda pembeni. Ukarudi, ukapapasa. Moustapha akamuita jina, mutoto akageuza sikio kwanza, uso baadaye.

Ni sindano, shemeji, alisema. Inaua usingizi, kwa wengine inakula na macho. Wako wengi pale wanaotembea wameshikana mabega.

Amisa alisikiliza yote. Halafu aliuliza neno moja tu: kikombe anacho? Moustapha akasema anacho, kiko kiunoni.

Jumapili, 16 Mei

Niliomba ruhusa ya kwenda. Kutoka teritware, yaani wilaya, bila karatasi ya Leta ni gereza, na karatasi inaombwa na Bwana. Alishika bega langu. Alisema mwezi ujao, baada ya mukutano wa wahubiri. Wanakuja wageni, bila mukalimani hakuna mukutano. Nikasema ndiyo Bwana.

Ndiyo Bwana! Mutoto wangu anapapasa ndizi kwenye uzio na mimi nasema ndiyo Bwana. Mudomo ulimuponza kichwa, wazee walisema, lakini wangu umemuponza mutoto wa watu. Mutoto wangu mwenyewe, nataka kusema. Naandika vibaya.

Amisa ameondoka na Moustapha leo hii, bila karatasi yoyote. Hakuniaga. Alisimama kidogo tu mulangoni, labda akingoja nivae viatu. Sikuvaa.

Jumatatu, 31 Mei

Amerudi. Polisi walimushika upande huu wa Kasongo, wakamulalisha gerezani, wakamurudisha na kundi la watu wa pamba. Mto hakuuona. Miguu imevimba.

Nilichemsha maji nikamukanda. Aliniachia. Nilitaka kumuomba musamaha, nikaanza, akaniwekea mukono mudomoni. Si kwa mapenzi. Kwa kuchoka. "Mukalimani," alisema, "nyamaza kidogo."

Jumapili, 13 Juni

Mukutano. Wageni mustari wa mbele, kanisa jipya, harufu ya chokaa. Bwana alihubiri juu ya maombi. God does hear us, alisema, na akampiga yule do mpaka meza ikaruka.

Nikasema: "Mungu anasikia."

Alingoja. Alizoea radi yangu inayofuata yake. Akarudia, kwa nguvu zaidi. Nikarudia na mimi: "Mungu anasikia." Vile vile, kama mutu anavyosema maji yako katika mutungi. Sikugonga. Mikono ilikataa. Kusikia anasikia — maneno yalifika hapa kooni, nikamuona Amisa kule nyuma, anangoja kuona kama nitayasema. Sikuyasema.

Baada ya ibada Bwana aliniuliza kama ni homa. Nilisema ndiyo. Alinipa kinini.

Siombi tena. Niandike hapa, hakuna atakayesoma. Nikifunga macho namuona Mungu juu ya ngazi, anapima ukuta.

Jumamosi, 19 Juni

Karatasi yangu bado. Wageni wameondoka, sasa Bwana anasema paa la kanisa liishe kwanza. Amisa ameanza kulima tena shamba la karanga. Leo alisema, kama anasema na jembe: mwaka huu Feza atachelewa kula karanga mbichi. Anazipenda mbichi.

Atachelewa, alisema. Hajasema hatakula. Kumbe ndani yake bado anaushika ule uongo wangu, ameukumbatia. Nilidhani mwenye tumaini nyumba hii ningekuwa mimi, mutu wa kanisa. Mimi sina hata chembe.

Jumanne, 22 Juni

Ninaandika nimesimama. Koti limeingia mukono mumoja.

Infirmié, muuguzi wa kambi ya Feza, amefika kwa velo, baiskeli yake. Nilikuwa kwenye tanuru. Kabla sijamuona uso, nilisikia kitu kinagonga chuma cha velo kila akipita kwenye jiwe, ngo, ngo. Kikombe cha buluu. Kimefungwa kwa kamba ile ile.

Walisema barzani, yeye na Bwana, Kifaransa. Cha Bwana ni kidogo, lakini habari ile haihitaji kingi. Bwana alivua kofia. Aliniita. Macho yake mekundu, alilia kweli, sitamusingizia. Neno lenyewe hakunipa. Alisema: I did try, Musafiri. I did try. Akamuita yule do, kapita wa maneno, akamupiga mara mbili mbele yangu. Na mimi nilikuwa sijafungua mudomo.

Halafu akasema nivae koti, nimulete mama wa mutoto. Atamuambia yeye mwenyewe, ndiyo heshima. Yeye mwenyewe. Yaani mimi.

Najua ataanza vipi. "Mimi nilijaribu." Nitasimama kando yake, nimuambie muke wangu kwamba mimi nilijaribu. Na sikujaribu. Viatu sikuvaa.

Feza amekufa. Niandike mara moja nione. Hakuna aliyeniambia, nimejisomea kwenye velo. Kufa amekufa. Kiswahili chetu kinakaza hata hili.

Amisa hakungoja kuitwa. Yuko mulangoni, amepita kwenye velo, kikombe kiko mukononi mwake, kamba inagusa chini. Nyuma yake naona Bwana anavuka uwanja, kofia kifuani. Sasa amesimama nje ya mulango kama anayehubiri, ameacha nafasi yangu kando. Bado ninaandika. Nikiweka kalamu chini itabidi niseme.

"Baba Feza," anasema Amisa. Toka Machi sijasikia jina hilo. "Acha koti. Leo usinitafsirie mutu. Niambie wewe."

Nje, Bwana ameanza kusema.