Ganda la Nyenze

Natsue, nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Usinipigie, watasikia.

Unamkumbuka yule mbwa mdogo wa pembe ya ndovu ambaye mama mkwe alinipa siku ya harusi? Mbwa huzaa bila taabu, alisema, mvae kiunoni nipate mjukuu. Leo nimemning'iniza kwenye mshipi wa kimono kama kawaida.

Tuko kwenye chai, ukoo mzima, mama mkwe akamfungua kwa mkono wake. Kiunoni mwangu, Natsue. Akampa Fumika, mke wa shemeji, na tumbo lake la mimba. "Huyu mbwa amechoka kukaa bure."

Kukaa bure. Na anajua fika mimba zangu zilivyotoka.

Halafu akanipa kinyago kingine cha pembe, cha zamani. Ganda la nyenze, lile mdudu analoliacha mtini akishatoka. "Hili ndilo lako, mkwe wangu. Ona lilivyochongwa, hadi miguu. Ndani hamna kitu."

Mashangazi wakamsifu mchongaji. Kiyotaka, mume wangu mwenyewe, akaliinua kwenye mwanga. "Kweli mama, hamna kitu."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikainama. Nikashukuru.

Sasa Kiyotaka anagonga mlango. Anasema mama anauliza kama nimelipenda.